Kaburi la Hana Kwenye Ramani ya Dabaga

Vijana mnaokuja hapa kwangu Uyole na kompyuta mgongoni, mkitaka niwaeleze tulivyochora ramani kabla ya hizo ndege zenu zisizo na rubani, karibuni. Chai ipo. Ila leo sitaisifia kazi. Imesifiwa vya kutosha siku ya kustaafu kwangu, nikapewa na saa ya ukutani, na mkubwa wa ofisi akasema mkono wangu haujawahi kukosea. Mkono huu ulifuta kaburi la mtoto wa miaka mitatu. Na nilipopata nafasi ya kusema ukweli, nikawatengenezea wenyewe kaburi jingine lisilo na mtu ndani. Nina miaka sabini na nne na nimechoka kukaa na jambo hili peke yangu.

Nianze na maandazi, maana kazi yenyewe ilianza hivyo.

Nilipoajiriwa ofisi ya ardhi Iringa waliniweka chini ya Kantilal, Mhindi mwembamba aliyezaliwa palepale mjini, ambaye ndugu zake wote walikuwa wenye maduka na yeye peke yake akapenda kalamu. Sheria yake ya kwanza ilikuwa marufuku kula maandazi asubuhi. Mimi kijana wa Kinyakyusa niliyezoea kushiba, nikaona huyu mzee ananionea. Kumbe tulichora kwa wino juu ya kitambaa cha kitani kilichopigwa wanga mpaka kikawa kigumu na chenye kuonyesha kilicho chini yake. Mafuta ya kidole yakigusa pale, wino haushiki. Siku moja nikala mawili kwa siri, nikakaa kuchora Ruaha Mkuu. Kufika katikati mto ukakatika vipande vitatu. Kantilal akainama akanusa kitambaa.

"Ambakisye, huu mto umekaukia wapi?"

"Kiangazi, Bwana Kantilal."

"Kiangazi gani? Hii ni iliki." Akanirushia unga wa chaki niusugue pale mpaka mafuta yatoke.

Siku hizi Ruaha unakauka kweli, na hapana mtu wa kusingizia maandazi.

Alinifundisha mengi yule mzee. Jaribu kalamu kwenye ukucha wa kidole gumba kabla hujaigusisha kwenye ramani. Anza juu ushuke chini, usije ukalaza kiganja kwenye wino mbichi. Ukikosea, kwangua kwa wembe mpya, usugue mahali pale kwa ukucha mpaka parudi laini, na ujue kwamba kovu halitoki. Miaka hamsini baadaye mtu akikiinua kitambaa dirishani ataona hapa palikwanguliwa. Nilipohamishiwa Mbeya na kompyuta zikaja, siku ya kwanza nilikwangua kosa kwa wembe kwenye karatasi iliyotoka mashineni, ofisi nzima ikanicheka mpaka saa ya chakula. Wakanionyesha kitufe cha kufuta. Niliwauliza kovu liko wapi. Wakasema, mzee, uzuri wake ndio huo, halipo.

Lakini kosa langu mimi halikuwa la wembe. Kilichokwanguliwa huacha alama. Kisichochorwa kabisa hakiachi kitu, na hapo ndipo nilipoharibu.

Kitani kile, ukikichemsha, wanga na wino vinatoka, unabaki na kitambaa cheupe, laini, ambacho hapakuwa na duka Iringa lililokuwa nacho miaka ile ya uhaba. Ramani ikichakaa tulitandaza kitani kipya juu yake tukaichora upya, ya zamani ikapigwa muhuri wa kufutwa, na aliyechora ndiye aliyekwenda nayo nyumbani. Haikuandikwa popote, ilikuwa desturi yetu tu. Wake zetu walishona leso, na fulana za watoto wachanga. Nenda kanisani Jumapili yoyote, watoto wa wachora ramani ungewatambua kwa weupe.

Ramani ya mashamba ya Dabaga ilifika mezani kwangu mke wangu Neema akiwa na mimba ya miezi minane. Ilikuwa kubwa, kitani kizuri, imekunjika pembeni tu. Utaratibu wa kuchora upya ulikuwa huu: kilichomo kwenye ramani ya zamani na kwenye daftari la wapimaji waliotoka porini, chora. Kilichomo kwenye ramani lakini daftari halikitaji, usikichore na usikiache mpaka uwaulize wapimaji wenyewe. Kwenye mteremko wa shamba moja niliona mstatili mdogo kama punje ya mchele, pembeni yake neno la Kiingereza la kaburi, na jina: Hana. Daftari halikulitaja. Nikamwuliza Kantilal.

"Kawaulize wapimaji. Huenda nyasi zimelifunika tu."

Wapimaji walikuwa kambini, wangerudi baada ya wiki mbili. Mtoto wangu hangojei wapimaji, nami nilikitaka kitambaa. Siku mbili baadaye nikamwambia Kantilal nimeuliza. Aliniamini. Nikachora Dabaga yote, mito, njia, mawe ya mipaka, na pale kwenye punje ya mchele nikapaacha peupe. Ijumaa nikabeba kitani nyumbani, Neema akakichemsha, maji yakatoka meusi, akayamwaga nyuma ya choo. Binti yetu alivaa fulana nne za Dabaga. Mimi nikasahau, na nilisahau kwa zaidi ya miaka arobaini bila kuumwa hata kichwa.

Miaka mitatu iliyopita mama mmoja Mwingereza, mwenye mvi na mkoba wa makaratasi, alibisha hodi geti hili hili. Jina lake Ruti. Ofisi ya Iringa walikuwa wamempa nakala ya ramani ya Dabaga, na kwenye kona ya chini kulikuwa na jina langu kwa mwandiko wangu mwenyewe. Alipoanza kusema nilishangaa, maana alisema Kiswahili, tena cha zamani, cha enzi za Mwingereza.

"Mama yangu alinifunza," akasema. "Yeye amekulia Dabaga. Hata leo akihesabu dawa zake anahesabu kwa Kiswahili."

Walikuwa Wayahudi wa Ujerumani. Babu yake Ruti alikuwa wakili, akaona mapema mambo yanaharibika kwao, akachukua mke na binti mdogo, Eva, ndiye mama yake Ruti, wakaja huku kwetu kulima pareto, mtu asiyewahi kushika jembe. Hapa wakapata mtoto wa pili, Hana. Hana akafa kwa homa akiwa na miaka mitatu, Eva ana sita. Vita ilipokwisha na Eva alipokua kidogo, wakahamia Uingereza. Sasa Eva alikuwa anakaribia tisini, hatoki kitandani, na jambo alilotaka kabla ya kufa lilikuwa moja. Alitaka kujua mdogo wake amelala wapi.

Ruti akaitandaza nakala juu ya meza. "Mama anasema baba yake alimleta mpimaji aliandike kaburi kwenye ramani, lisije likapotea. Mbona halimo?"

Nikaona pale peupe na nikakumbuka yote palepale, hata harufu ya maji ya kitani. Nikamwambia, "Mama, ni zamani sana. Sikumbuki."

Nilimpenda, basi nikajifanya msaidizi. Mjukuu wangu Tusekile anasoma chuo hapa Mbeya, kazi yao ni kugeuza orodha za watu na namba kuwa picha. Ruti alikuwa na barua, pasi za kusafiria, orodha za meli, orodha kutoka kwenye nyaraka za Ujerumani. Alipanga Mwanjelwa kwenye nyumba ya wageni, na kila asubuhi alikuja hapa wakajaza majedwali: jina, alikozaliwa, alikohamia, alikofia, lini. Watu arobaini na moja wa ukoo mmoja. Kisha kila mtu akawa nukta, na kila maisha mstari kutoka mahali pa kuzaliwa, kupitia alikohamia, hadi mahali pa kufia. Mimi niliyechora kwa mkono miaka thelathini na tano nilikaa nyuma yao nikiona mistari ikijichora yenyewe, na niseme kweli, niliona wivu.

Siku ya nne Tusekile akasimama ghafla.

"Babu, kuna kosa hapa. Watu kumi na tisa wana mahali pamoja pa kufia, na wengine hata wiki ni ileile. Nadhani nimenakili safu moja mara nyingi."

Ruti hakuinua kichwa kwenye karatasi zake. "Si kosa, mwanangu. Ndivyo walivyokufa."

Tusekile akaondoa mikono kwenye kompyuta kama iliyomuunguza. Mistari kumi na tisa ilitoka mji mmoja wa Ujerumani, ikaenda pamoja mashariki hadi kambi moja ya mauaji ya wakati wa vita huko Polandi, ikaishia pale. Nukta zimelaliana mpaka zimekuwa doa moja jeusi. Nilikwenda jikoni nikachemsha chai ambayo hakuna aliyekunywa.

"Hao wote hawana kaburi hata mmoja," Ruti alisema baadaye. "Katika ndugu wa mama waliokufa miaka ile, Hana peke yake ndiye aliyezikwa na baba yake na mama yake. Mama anasema tuna kaburi moja tu, na liko Dabaga."

Niliwaza fulana nne nyeupe. Bado sikusema.

Mstari wa Hana ulikataa. Mashine zenu mnazijua: mtu asiye na longitudo na latitudo huwekwa sifuri na sifuri, na sifuri na sifuri ni katikati ya bahari, kusini mwa Ghana. Mtoto wa Dabaga, asiyewahi hata kuona ziwa, nukta yake inaelea Atlantiki. Ruti akasema waitoe. Tusekile akasema wakiitoa Hana atatoka pia kwenye ukoo, kana kwamba hakuzaliwa. Kisha akanigeukia.

"Babu, tuiweke katikati ya shamba kwa kukadiria tu? Inaumiza kuiona pale."

"Usichore usichopima," nikamwambia, tena kwa sauti kubwa, ya mwalimu. Nilijisikia vizuri kusema hivyo. Mkinitazama leo mnaona mtu aliyesema maneno hayo mbele ya mjukuu wake siku tano kabla ya kuyavunja.

Tukaenda Dabaga watatu. Kulikuwa na baridi na ukungu, na mahali pa pareto sasa ni misonobari ya mbao, mistari kwa mistari mpaka macho yanachoka. Mwenyekiti wa kijiji alitupeleka kwa Bibi Skolastika, mwenyeji wa zamani kuliko wote, aliyesomeshwa na masista Tosamaganga na ambaye mama yake alikuwa yaya kwenye shamba lile.

"Kamwene," akatusalimu, akamshika Ruti mikono miwili. "Mama alikuwa anatusimulia. Mtoto wa Mzungu alizikwa kule, na mama yake alikuwa anakaa chini kabisa, kwenye udongo, hata mvua ikinyesha."

"Kule wapi, bibi?" Ruti akauliza.

Bibi akanyoosha mkono, na mkono ukazunguka kilima chote. "Huko huko. Lakini walilima na matrekta, mama. Wakalima tena. Halafu wakapanda hii miti, wakakata, wakapanda tena. Hakuna jiwe limebaki mahali pake."

Tulipanda na kushuka mpaka adhuhuri. Ruti alitazama chini wakati wote, kila hatua, kama mtu aliyepoteza pete. Kisha simu yake ikalia. Nesi wa mama yake, Uingereza, akasema Eva ameamka, yuko vizuri leo, anataka kuona. Ruti akaigeuza simu, na pale kwenye kioo nikaona uso mdogo, mweupe, nywele chache.

"Mmemwona?" akauliza. Kwa Kiswahili. Sauti ya kizee, maneno ya mtoto.

Ruti akageuza uso pembeni. Machozi yalikuwa yanamshuka. Mimi nikaichukua simu mkononi mwake. Kando ya korongo kulikuwa na mawe matano au sita yaliyorundikana, mawe ya kawaida, yaliyosukumwa pale na trekta.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Tumemwona. Mimi ndiye niliyechora ramani, sasa nimekumbuka. Yuko hapa, karibu na korongo. Mawe yake yapo."

Kisha akauliza, "Jua linafika?"

Juu yetu ilikuwa misonobari na ukungu. "Linafika," nikasema. "Asubuhi yote."

Mtasema nilimwonea huruma. Nami nilijiambia hivyo njia nzima ya kurudi. Huruma ilikuwepo, sikatai, lakini niliyemwonea huruma zaidi ni mimi. Nilitaka pale peupe pajazwe na mimi nipumzike. Ruti alipiga magoti kwenye yale mawe na kunishukuru mpaka nikaona aibu kusimama. Bibi Skolastika alinitazama, akajifunga kitenge vizuri.

"Haya," akasema. "Kama ramani imesema."

Tusekile akachukua longitudo na latitudo za mahali pale kwa simu yake. Usiku, hapa nyumbani, akaja kunikabili.

"Babu, wiki iliyopita ulimwambia Ruti hukumbuki."

"Nimekumbuka."

"Umekumbuka, au umeamua?"

Nikamwambia yote, ramani, kitani, fulana za mama yake mzazi. Alilia, si kwa kelele. Nikamwomba aingize namba. Akaziingiza, nukta ya Hana ikatoka baharini ikatua Dabaga, na toka siku hiyo hajawahi kuniuliza tena swali la kazi.

Mwaka uliofuata akaja kijana mpimaji, mchangamfu kama ninyi, akaniletea ramani mpya ya eneo lile. Jiwe la kaburi lilikuwa limeshawekwa na Ruti, na wenye msitu wameacha kiwanja kidogo kulizunguka. "Mzee, ile ya zamani yenu ilisahau kaburi," akasema. "Sisi tumelipima, tumeliweka." Mstatili safi, mistari minne, jina. Sikupata kuona uchoraji mbaya kuliko ule, na haukuwa na kosa hata moja.

Kisha Eva akafa, na ujumbe wa Ruti ukaja. Mama yake alikuwa ameacha neno: azikwe kando ya Hana. Mwili wote wa kizee kuusafirisha Dabaga hauwezekani, kwa hiyo aliomba achomwe, majivu yaletwe. Ndugu waligombana vibaya. Kwa dini yao maiti haichomwi, na kwa ukoo ule, ambao kumi na tisa wao walichomwa kambini bila kuachiwa hata kaburi, neno lenyewe la moto halisemeki mezani. Mzee mmoja wa familia aliacha kuongea na Ruti. Lakini Eva alikuwa amesema hataki dini imtenganishe na mdogo wake mara ya pili.

"Bado wiki sita majivu yaletwe," Tusekile aliniambia. "Mwambie, Babu. Bado hajachomwa."

Wakati huo mwili ulikuwa bado umehifadhiwa, wakisubiri ndugu wakubaliane. Sentensi moja ingetosha. Niliandika barua tatu. Ya kwanza ilikuwa ndefu mno, ya pili ilijitetea, ya tatu ilikuwa nzuri na nikaikunja nikaiweka mfukoni mwa koti la kanisani. Ruti akaandika tena: imefanyika.

Tulimzika Agosti iliyopita. Tusekile alikataa kuja. Tulikuwa mimi, Ruti, Bibi Skolastika na mwenyekiti wa kijiji, na vijana wawili wa msituni walioshika chepeo. Ruti alisoma sala kwa lugha yao, kisha akatia chombo cha majivu ndani na udongo ukarudishwa. Akatoa simu akanionyesha picha ya ukoo. Mstari wa Eva ulitoka Ujerumani ukaja huku, ukaenda Uingereza, ukarudi, ukaishia juu ya nukta ya Hana kabisa, hata huwezi kuzitenga.

"Angalia, Mzee Ambakisye," akasema. "Sasa wako pamoja."

"Wako pamoja," nikasema.

Akaniomba niseme neno, kwa kuwa mimi ndiye niliyepapata. Nikasema sina neno, mama, pole sana, nikarudi nyuma ya wengine.

Eva amezikwa peke yake kwenye mawe yaliyosukumwa na trekta. Hana yuko mahali fulani kwenye kilima kile, au hayuko tena. Anayejua hivyo ni Tusekile, na mimi, na sasa ninyi. Namba ya simu ya Ruti iko kwenye daftari hili hapa, ukurasa wa kwanza. Mimi nimejaribu mara nyingi na sijaweza.